Mwongozo wa Kubishana na Maji Yaliyotulia

Kila mtaa una bingwa wake wa ubishi wa maji. Utamkuta barazani jioni, kikombe cha kahawa mkononi, akieleza kwamba tangi lake la lita 10,000 lililokaa chini uani lina presha kubwa kuliko kitangi cha lita 500 ambacho jirani amekipandisha mnarani. Hoja yake ni wingi: lita elfu kumi zitashindwaje na lita mia tano? Waliomzunguka huitikia kwa vichwa, na kesho yake mmoja wao huenda dukani kununua tangi kubwa zaidi ili shawa ya ghorofani ipate nguvu. Analipa, analipakia kwenye pikapu, analiweka palepale chini, na shawa inaendelea kudondosha.

Mwongozo huu ni wa kumshinda bingwa huyo kwa adabu. Nauandika kwa moyo wote, kwa sababu ubishi wa presha ya maji hula fedha za watu wasio na fedha za kuchezea, na kuna mahali hula hata roho za watu. Kanuni yenyewe ni fupi. Katika maji yaliyotulia, presha hufuata kina. Ukitaka kujua maji yanasukuma kwa nguvu gani mahali fulani, pima wima kutoka hapo hadi kwenye uso wa maji, basi. Lita hazihusiki, wala upana wa tangi, wala unene wa bomba.

Usibishane kwa mdomo

Mpe mzee shikamoo yake, mwache amalize, kisha mwombe ruhusa ya kutumia bomba lake la uani. Unahitaji mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Funga ncha moja kwenye bomba, kaza vizuri kwa waya, na hakikisha hakuna bomba jingine lililofunguliwa nyumbani. Ncha ya pili iache wazi, uinyanyue juu, halafu mtu afungue koki taratibu. Maji yatapanda ndani ya mpira mbele ya macho ya watu wote, kisha yatasimama. Pale yaliposimama ni usawa uleule wa maji yaliyomo ndani ya tangi. Kwa tangi lililokaa chini hutahitaji hata ngazi: likiwa limejaa, maji yatafika mita mbili hivi. Likiwa nusu, yatakoma kiunoni kwa mtu mzima.

Sasa nendeni wote kwa jirani mwenye kitangi. Huko fungeni mpira kwenye mwanzi mrefu, maana maji yatapanda hadi mnarani, na hayatakoma mpaka yalingane na uso wa maji ya kitangi. Ikiwa kitako chake kiko mita 6 kutoka kwenye bomba na ndani mna maji ya mita 1, mpira utaonyesha mita 7.

Hapo hesabu inajifanya yenyewe. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa sehemu moja ya kumi ya bar, kipimo kinachoandikwa kwenye geji nyingi za presha. Mzee ana bar 0.2 tangi lake likijaa. Jirani ana 0.7. Lita 500 zimezishinda lita 10,000 zaidi ya mara tatu, na hakuna aliyepandisha sauti.

Eleza sababu, maana ushindi bila sababu haudumu

Bingwa wa kweli atauliza: na uzito wa lita zangu zote umeenda wapi? Ni swali zuri, na linastahili jibu kamili.

Chukua mita moja ya mraba ya sakafu ya tangi. Maji ya kina cha mita moja yaliyo juu yake ni lita 1,000, yaani tani moja. Yakiwa mita mbili, ni tani mbili. Ukipanua tangi, umeongeza maji, lakini umeongeza pia sakafu ya kuyabeba. Lita za ziada zimesimama juu ya sakafu yao wenyewe. Ni kama magunia ya mahindi ghalani: gunia la chini kabisa hubeba yaliyopangwa juu yake, wala halijui kitu kuhusu safu ya pembeni. Ukitaka kulilemea zaidi, panga juu.

Ila maji yana jambo moja ambalo magunia hayana. Hayasukumi chini peke yake. Husukuma pembeni, na husukuma juu, kwa nguvu ileile kwa kina kilekile. Ndiyo maana ndoo iliyotoboka ubavuni hurusha maji nje badala ya kuyaachia yateleze chini, na tundu la karibu na kitako hurusha kwa kasi kuliko la juu.

Kutokana na tabia hiyo kunazaliwa jambo ambalo akili hulikataa mara ya kwanza. Simon Stevin, mtu wa Brugge, mji ulioko Ubelgiji ya leo, aliliandika mwaka 1586: chombo chenye kitako kipana na shingo nyembamba kinaweza kusukuma kitako chake kwa nguvu inayozidi uzito wa maji yote yaliyomo. Baada yake Mfaransa Blaise Pascal alilifafanua katika kitabu kuhusu mizani ya vimiminika, kilichochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Inasimuliwa kwamba Pascal alichukua pipa lililojaa maji, akachomeka juu yake mrija mwembamba mrefu, akaujaza maji kidogo tu, pipa likapasuka.

Kama yeye mwenyewe alipasua pipa au la, hesabu inalipasua. Tuseme mrija una kipenyo cha milimita 6 kwa ndani na urefu wa mita 10. Maji ya kuujaza hayafiki theluthi moja ya lita. Hayajazi hata chupa moja ya soda ya kawaida. Lakini kimo chake ni mita 10, kwa hiyo presha ndani ya pipa imeongezeka kwa bar 1, sawa na tani 10 kwa kila mita ya mraba. Mfuniko wa pipa wenye upana wa sentimita 60 unasukumwa kutoka ndani kwa tani 2.8 hivi, na mbao za pembeni vivyo hivyo. Chupa ya soda imefanya kazi hiyo kwa sababu imesimama juu. Bingwa akisikia hili, mwagizie kahawa nyingine na umpe nafasi ya kufikiri.

Akibaki na shaka, mpeleke ziwani. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na mzamiaji aliye mita 5 chini ya uso wake hubanwa masikio sawasawa na mtu aliye mita 5 chini ya maji ya kisima cha kijiji. Ziwa Tanganyika ni jembamba kuliko Victoria, lakini kina chake hufika mita 1,470, na huko chini kila mita ya mraba inabeba zaidi ya tani 1,400. Baharini ongeza kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito: mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,025.

Mtazame fundi mjenzi

Watu wanaoijua kanuni hii kwa vidole wapo kwenye kila kiwanja cha ujenzi, na wengi hawajawahi kuambiwa kwamba wanachofanya ni sayansi. Fundi anapotaka kusawazisha msingi wa nyumba, hachukui chombo cha bei kubwa. Anachukua mpira uleule unaoonyesha ndani, mita 20 au zaidi, anaujaza maji, anamkabidhi saidia fundi ncha moja na yeye anabaki na nyingine.

Angalia anavyoujaza, kwa kuwa ustadi uko hapo. Huweka ncha moja ndani ya ndoo iliyo mahali pa juu, huvuta maji kwa mdomo mpaka yaanze kutiririka yenyewe, kisha huyaacha yapite kwa muda ili yabebe hewa yote. Halafu hupita na mpira mzima mkononi, akiutazama kwenye mwanga na kuugonga kwa kidole kila anapoona kipovu. Kipovu si uchafu wa kuvumilia. Kikikwama pale mpira unapopanda au kushuka, hewa yake hushika nafasi ya maji kwenye kimo bila kuwa na uzito wa maji, na upande mmoja hulazimika kusimama juu zaidi ili kufidia. Kipovu cha sentimita 3 kilichosimama wima kinaweza kukupa msingi ulioinama kwa sentimita 3.

Wakihama kutoka kona hadi kona, wote wawili huziba ncha kwa dole gumba ili maji yasimwagike. Wakifika, wote huachia. Mmoja akisahau kuachia, maji hayatembei kama inavyotakiwa, kwa sababu hewa iliyofungiwa juu yake nayo inasukuma. Fundi mzuri hulijua hilo bila kwenda kuangalia, husikika akiita kutoka kona ya pili, "Achia kidole!" Kisha husubiri. Maji huyumba juu na chini mara kadhaa, hutulia, na hapo tu ndipo penseli hugusa kigingi.

Mpira unaweza kupita juu ya rundo la kokoto, chini ya jukwaa, ukazunguka mti, na jibu halibadiliki. Njia ya maji ya katikati haina neno. Kinachohesabiwa ni kimo cha ncha mbili. Jambo jingine la kuangalia ni jua. Mpira mrefu ambao upande mmoja umesimama juani na mwingine kivulini hukosea kidogo, maana maji ya moto ni mepesi. Mafundi makini hupima asubuhi.

Mpe bingwa haki yake

Sasa bingwa atarudi na hoja yenye nguvu: "Mwanangu, mwaka jana nilibadilisha bomba la nusu inchi nikaweka la inchi moja, na maji yakaongezeka. Unasema unene wa bomba hauhusiki?"

Mzee anasema kweli, na ukimkatalia utakuwa umekosa wewe. Kanuni ya kina ni ya maji yaliyotulia. Funga mabomba yote, soma geji, na utaona bomba jembamba na bomba nene yanaonyesha namba moja. Fungua maji yatembee, na mambo yanabadilika: maji husuguana na kuta za bomba, kila kona na kila koki hula sehemu ya presha, na bomba jembamba hula nyingi zaidi. Alichopata mzee ni nafuu ya njia. Presha ya tangi lake ilibaki ileile.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima mara mbili. Soma geji mabomba yakiwa yamefungwa, kisha soma maji yakitoka. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, tatizo ni kimo: pandisha tangi. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili ikaporomoka, tatizo ni njia: tafuta bomba jembamba, koki iliyojaa kutu, au kona zisizo za lazima. Vipimo hivyo viwili vinaweza kukuokolea bei ya tangi zima.

Usifanye mzaha na ukuta

Kwenye tangi la plastiki, ubishi hugharimu fedha. Kwenye ukuta wa tofali, hugharimu watu, na hapa naomba usome polepole.

Watu wengi hujenga tangi la kuhifadhia maji ya mvua kwa mawazo kwamba ukuta wa mita 2 unahitaji nguvu mara mbili ya ukuta wa mita 1. Husukumwa kwa nguvu mara nne. Kila mita ya urefu wa ukuta, maji ya kina cha mita 1 huusukuma kwa nusu tani. Ya mita 2 huusukuma kwa tani 2. Ya mita 3, tani 4.5. Kina kinapoongezeka, presha ya chini inakua, na eneo la ukuta linalosukumwa linakua pia. Ndiyo sababu nguvu inapanda kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini, theluthi moja ya kimo kutoka sakafuni ndipo mkono wake unapoegemea. Huko ndiko kunakotaka zege nzuri na nondo zilizokaribiana, na maungio ya ukuta na sakafu ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Ukuta wa tofali za saruji uliosimama peke yake, bila nondo, haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Haulii kabla ya kuanguka, na pembeni yake ndipo watoto hucheza siku za joto.

Ukuta wa kuzuia udongo kwenye nyumba za mlimani una adui huyuhuyu. Kipindi cha kiangazi husimama bila shida. Masika ikifika, maji hujaa kwenye udongo nyuma yake, na kila mita ya kimo cha maji hayo inaongeza tani moja kwa mita ya mraba juu ya msukumo wa udongo wenyewe. Vile vitundu ambavyo fundi huacha chini ya ukuta si mapambo wala si uzembe. Ni njia ya kuyatoa maji yasipate kimo. Mwenye nyumba anayeviziba kwa saruji ili ukuta upendeze anaujaza mzigo ambao haukupangiwa.

Na tangi la plastiki lililozikwa ardhini usiliache tupu msimu wa mvua. Maji ya ardhini yakipanda, yanalisukuma kutoka chini kwa kina chake chote, na ndani hakuna uzito wa kujibu. Huinuka na kung'oa mabomba.

Ukuta wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji una kimo cha zaidi ya mita 130. Mahali penye maji ya kina cha mita 100, kila mita ya mraba ya ukuta husukumwa na tani 100, na wahandisi walipokokotoa mzigo huo hawakuhitaji kujua ziwa linaenea makumi mangapi ya kilomita nyuma yake. Walihitaji kina.

Kisima kirefu na pampu ya juu

Kuna pampu inayokaa juu ya ardhi na kuvuta maji kutoka kisimani, na kuna watu wanaonunua yenye injini kubwa zaidi kila maji yanaposhuka. Pampu hiyo haivuti, kusema kweli. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Evangelista Torricelli, Mtaliano, aliandika mwaka 1644 kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa, na uzito wa bahari hiyo unalingana na kimo cha maji cha mita 10 na kidogo. Hiyo ndiyo dari. Injini ya ukubwa wowote haiipandishi. Kwa kazi ya kila siku pwani, hesabu mita 7. Mbeya, iliyoko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na dari yenyewe haizidi sana mita 8, kwa hiyo kiasi cha kutumika ni kidogo zaidi.

Teremsha jiwe lililofungwa kamba hadi uone kamba imelowa wapi. Kama uso wa maji uko mita 15 chini, nunua pampu ya kuzama, inayosukuma kutoka chini. Na upime mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yako chini kabisa.

Mkono wako nao una maji

Damu ni kimiminika, nzito kuliko maji kwa kiasi kidogo, na mwilini nayo hufuata kina. Muuguzi hutundika dripu juu ya kitanda kwa sababu hiyo. Mita moja juu ya mkono hutoa presha ya kutosha kuishinda ile ya ndani ya mshipa, iwe chupa ni ya nusu lita au ya lita nzima. Ukishuka kitandani na dripu ikabaki chini ya usawa wa mkono, damu itaanza kupanda kwenye mrija. Inua dripu kwanza, halafu simama.

Twiga, mnyama wa taifa la Tanzania, ana ubongo ulio kama mita 2 juu ya moyo. Kuifikisha damu huko kunautaka moyo wake usukume kwa presha ya takriban mara mbili ya yetu.

Sisi tunaobaki hapa chini tunapaswa kuangalia sentimita 20 tu. Ukienda kupima presha na mkono wako ukaning'inia pembeni ya kiti, sentimita 20 chini ya moyo, kipimo kitaonyesha milimita 15 hivi za zebaki zaidi ya ukweli. Mtu mwenye 130 ataonekana ana 145, na anaweza kurudi nyumbani na vidonge. Kaa, egemea, miguu iguse sakafu, weka mkono mezani mpaka bendi inayofungwa mkononi iwe usawa wa moyo, na meza ikiwa fupi mwombe muuguzi kitabu cha kuweka chini ya kiwiko kabla hajaanza kuijaza bendi hewa.